Natafuta begi la begani la kila siku litakalovumilia: niangalie nini kabla ya kutoa hela?

#1 Abiria_wa_Mbagala

Habari za jioni wakuu.

Juzi saa 12 asubuhi pale Rangi Tatu, tunagombea daladala, mkanda wa begi langu umenyofoka upande mmoja. Begi likaenda chini moja kwa moja, kwenye dimbwi la hizi mvua za vuli, na ndani kuna kompyuta mpakato ya ofisi. Imepona kwa sababu moja tu: mke wangu alinifungia hotpoti ya chakula kwa kanga, nami nikaitandaza ile kanga kati ya hotpoti na kompyuta. Bila hivyo sasa hivi ningekuwa naandika barua ya kujieleza.

Hili ni begi la tatu ndani ya miaka miwili. La kwanza lilikuwa la ile "ngozi" inayong'aa. Nilifunga safari ya mwezi mmoja kijijini nikaliacha kabatini, nimerudi limebabuka lote, ukiligusa linakuachia magamba mkononi. La pili zipu ilianza kufunga huku inaachia nyuma yake. La tatu ndilo hili, nimelinunua dukani kwa 45,000 na halijatimiza miezi saba.

Jana nimelikalisha mezani nikalichunguza. Kitambaa kizima. Mkanda mzima. Kilichoachia ni uzi. Mkanda ulikuwa umechomekwa kwenye mshono wa ubavuni, umeingia ndani kama sentimita mbili, na umepitishiwa cherehani mara moja tu. Yaani kilo zote zile zilikuwa zinaning'inia kwenye msitari mmoja wa uzi.

Mzigo wangu nimeupima kwa mizani ya duka la jirani: kompyuta na chaja kilo 2.6, maji lita moja, hotpoti, mwavuli, daftari, pawabenki. Jumla kilo 5 na nusu, siku sita kwa wiki. Shanta sitaki. Kwenye msongamano likiwa mgongoni hulioni, na nikifika ofisini shati limeloa mgongo mzima. Nataka la begani, la kukatiza kifuani. Bajeti yangu mwisho 80,000.

Wenye uzoefu, mnaangalia nini?

#2 Kibo_Msafi

Pole sana mkuu. Nimeweka kambi hapa, na mimi nina tatizo hilohilo.

#3 Fundi_Majengo

Pole kaka. Mimi ni fundi viatu na mabegi hapa Moshi, huu ni mwaka wa 19 nakaa kwenye kiti hiki. Nilivyosoma maelezo yako nimefurahi kitu kimoja: umelichunguza begi lilipokatikia. Wengi wanaoniletea kazi wanasema "begi limekufa" bila kujua limefia wapi. Nami nakwambia, mengi yanafia palepale lilipofia lako, mkanda unapoingia kwenye mwili wa begi. Kitambaa kinabaki kizima kabisa, mtu analitupa.

Kwa hiyo ukiingia dukani usianze kusoma jina lililoandikwa mbele. Fungua begi, ingiza mkono ndani mpaka kona ya juu, pale nje mkanda unapoanzia. Papasa kwa vidole. Ukikuta kipande cha ziada kimewekwa kwa ndani, kitambaa kigumu au ngozi au hata mkanda mwingine, basi aliyeshona aliufikiria mzigo. Ukikuta bitana tupu na unahisi uzi tu, lirudishe hata kama ni zuri kiasi gani.

Kisha tazama mshono wenyewe. Mkanda ulioshonwa vizuri umelala juu ya begi angalau sentimita nne au tano, na umezungushiwa mraba wenye msalaba katikati. Ule msalaba una kazi yake. Daladala likiruka tuta begi halivuti kwenda chini tu, linavuta na pembeni, na mshono wa msitari mmoja hauwezi kushika pande zote. Unaanza kuachia tundu la mwisho, linafuata la pili, siku moja yote yanafunguka.

Kitu kingine ambacho wateja hawakijui: mishono ya karibu karibu sana siyo uimara. Kwenye ngozi, kila tundu la sindano ni jeraha. Ukiyajaza matundu unatengeneza kitu kama ukingo wa stempu, na ukivuta kinachanika kwa msitari kama stempu. Mimi kwenye ngozi nashona mishono mitatu kwa sentimita, basi.

Na uzi. Tafuta kauzi kanakoning'inia ndani, omba ruhusa ukakate, ukachome kwa kiberiti. Ukiwaka na kuacha majivu kama karatasi, ni pamba. Utaoza kwa jasho na mvua. Ukiyeyuka na kufanya kipunje kigumu cheusi, ni nailoni au poliesta. Huo ndio unaoutaka.

Lile begi lako la tatu usilitupe. Mpelekee fundi aliye karibu, mwambie afumue sentimita kumi za mshono wa ubavuni, aweke kiraka cha turubai kwa ndani, aulaze mkanda juu na kuushona kwa mkono, kwa msharasi (ile sindano nene ya fundi viatu) na uzi wa nailoni uliopakwa nta. Kwangu kazi hiyo ni 4,000.

#4 Abiria_wa_Mbagala

Fundi, ubarikiwe. Nimelipeleka leo kwa mzee mmoja hapa karibu na sokoni, nimemsomea maneno yako kama yalivyo. Amecheka akasema "huyo anajua". Amenitoza 5,000. Nimeingiza mkono ndani nikapapasa, sasa kuna kiraka. Hili litakuwa la akiba, nitalitumia huku natafuta lingine.

#5 Mtoi_Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Mimi nimetumia pesa nyingi kwa mabegi mapya ya dukani mpaka nikaacha. Sasa naenda Gikomba au Toi mapema siku wanafungua robota, nachagua mtumba. Sababu yangu ni hii: begi la mtumba limeshafanyiwa majaribio. Kama mtu wa Ulaya amelibeba miaka kumi na halijafumuka, hakuna dhamana ya duka itakayolishinda.

Huko ndiko utakuta Eastpak, JanSport, Timbuk2, na wakati mwingine begi halina jina la kujulikana kabisa lakini kitambaa chake ni kama chuma. Timbuk2 zilianzia San Francisco mwaka 1989, zilitengenezwa kwa wale matarishi wa baiskeli wanaopeleka barua na vifurushi mjini, ndiyo maana mkanda wake mpana na mfuniko unashuka mpaka karibu na chini. Hao watu kazi yao inafanana na safari zako: mvua, kuruka, kuvuta, kila siku.

Kuhusu kitambaa, ukiona kumeandikwa 600D au 1000D, hiyo D ni denia. Ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Kwa hiyo 1000D, kilomita tisa za uzi wake zina kilo moja. Mabegi mengi ya bei nafuu ni poliesta ya 600D. Cordura ya nailoni ya 500D inastahimili kusuguliwa kuliko hiyo poliesta ya 600, ingawa namba yake ni ndogo. Namba pekee isikudanganye, uliza ni uzi gani. Poliesta nayo ina sifa yake: jua haliimalizi haraka kama linavyoimaliza nailoni. Kama begi lako linashinda dirishani au kwenye bodaboda juani, hilo lipime.

Onyo moja la mtumba: geuza ndani, angalia ule utando unaong'aa unaozuia maji. Kama unanata au unatoka unga mweupe, liache hata wakikupa kwa mia mbili. Hautengenezeki tena, na utachafua kila kitu utakachoweka humo.

#6 Mwana_Njombe

Wakuu mnazunguka mno. Begi la kudumu ni ngozi. Ngozi halisi, siyo hiyo plastiki iliyombabukia mleta mada. Huku kwetu Njombe miwati, ile miti inayobanduliwa magome, ipo tele, kampuni ya TANWAT imekuwepo tangu 1949 kwa ajili ya magome hayo, kwa sababu ndiyo yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Marehemu baba alikuwa na mkoba wa ngozi wa aina hiyo, alifundisha nao shule ya msingi mpaka akastaafu. Kamba zilibadilishwa mara mbili. Mkoba wenyewe leo anao mdogo wangu, umekuwa na rangi ya chai ya rangi, na ukiunusa bado unamnusa mzee.

Mtu akikwambia ni ngozi, tazama ukingo uliokatwa. Ngozi halisi ukingo wake una nyuzinyuzi zilizosongamana, hauna tabaka. Ukiona kitambaa cheupe chini na ganda la plastiki juu, umeshajua. Na neno "genuine" lililopigwa muhuri lisikutie moyo. Hata ile ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki juu inapigwa muhuri huohuo.

#7 Fundi_Majengo

Mwana Njombe, mkoba wa mzee nauheshimu na naamini kila ulichosema. Ngozi ya magome naishona kwa mapenzi, sindano inaingia inatulia. Lakini huyu ndugu yetu yuko Dar na ana kilo 5 na nusu kabla hajaweka begi. Mkoba wa ngozi nene wa kuingia kompyuta, mtupu, unaweza kufika karibu kilo mbili. Na joto la pwani na unyevu wake, ukiukalisha wiki mbili kabatini unaota ukungu. Ngozi inataka mtu wa kuifuta, kuipaka mafuta kidogo, kuianika kivulini. Mwalimu alikuwa na nidhamu hiyo. Mtu anayefika nyumbani saa tatu usiku kutoka kwenye foleni hana.

Na kuhusu lile la kwanza lililobabuka kabatini, mleta mada hukukosea kulitunza. Ule utando wa juu ni poliyurethani, na adui wake ni joto na unyevu wa hewa, iwe unalitumia au hulitumii. Wateja wananiletea viatu na mabegi ya hivyo wakitaka nibandike. Huwa nawarudishia, sichukui hela yao, kwa sababu nikibandika hapa kesho linabanduka pale.

#8 Nesi_wa_Kisauni

Asalaam aleikum jamani. Naona wanaume mmelivalia njuga, nami niseme langu. Mimi ni nesi, Mombasa, nabeba sare, viatu vya wodini, chakula na chupa ya maji, zamu za usiku na za mchana.

Kwetu adui ni chumvi. Zipu ya chuma kwa hewa ya hapa, mwaka haujaisha imeota kutu ya kijani, meno yanagoma. Nimejifunza kununua zipu ya nailoni, ile ambayo meno yake yamejizungusha kama springi. Hii ina rehema: ikiachia nyuma, ukirudisha kichwa mwanzo na kukivuta tena taratibu, mara nyingi inajifunga upya. Ya chuma ikipoteza jino moja, imekwisha.

Pia geuza kichwa cha zipu uangalie namba nyuma yake. Namba 3 ni ya sketi na vipochi, 5 ni ya mabegi mepesi, 8 na 10 ndizo za mzigo. Namba hiyo inakaribia upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. YKK ni Wajapani, wapo tangu 1934, na zipu zao ni nzuri, ila herufi hizo zinaigizwa kila mahali. Mimi siamini herufi, navuta zipu mara kumi hapohapo mbele ya muuzaji, hasa kwenye kona. Ikikwama kona mpya, itakuua mbele ya safari.

Ndugu yetu wa Mbagala, la pili lako lililokuwa linaachia nyuma, huenda halikuhitaji zipu mpya. Kinacholika kwanza ni kichwa. Kinapanuka, hakibani meno. Chukua praisi, kibane kidogo upande huu, kidogo upande huu, ujaribu. Ikishindikana fundi abadilishe kichwa tu. Ikikaza, ipake mshumaa au sabuni kavu ya mche.

Jambo la mwisho ni zito. Mwenzangu wa kazini alinyakuliwa begi na watu wa pikipiki, alikuwa amelikatiza kifuani, mkanda imara, haukukatika. Aliburutwa. Alivunjika mfupa wa bega na amekaa nyumbani miezi mitatu. Kwa hiyo mkisifu mkanda usiokatika, mkumbuke na hili. Mimi mchana kwenye matatu nakatiza, begi mbele. Usiku nikitembea barabarani naliweka bega moja, upande wa ukuta, si upande wa gari. Wakivuta, liende.

#9 Kibo_Msafi

Dada nesi, umenigusa. Dada yangu anarudi kazini usiku na huwa anakatiza. Nampigia sasa hivi.

#10 Mlimani_Zurich

Wandugu, mimi ni wa Tanga ila naishi Uswisi. Hapa Zurich kuna kampuni inaitwa Freitag, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993. Mabegi yao ni turubai kuukuu la malori. Mkanda ni mkanda wa siti ya gari uliokwishatumika. Kingo walizikunja kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Nimeliangalia la rafiki yangu hapa, analo miaka kumi na mbili, kona zimechakaa lakini hakuna mshono hata mmoja uliofunguka. Jipya la ukubwa wa kuingia kompyuta ni zaidi ya faranga 200.

Nikiliangalia, kila kitu kilichomo humo nakijua kwa jina la Kiswahili na najua kinapouzwa. Turubai la lori, mkanda wa siti, mpira wa ndani. Vyote viko gereji yoyote ya Tanga au Dar. Kwa nini mleta mada asishonewe?

#11 Abiria_wa_Mbagala

Mlimani, umenifungua macho. Jirani yangu ni utingo wa lori la mizigo ya Tunduma, turubai kuukuu nimeshaona limefunika kuni zake uani. Fundi Majengo, unasemaje? Ningependa kujua vipimo kabla sijamwendea yule mzee wangu, nisimpotezee muda.

#12 Fundi_Majengo

Wazo zuri sana, ila lisikilizwe vizuri.

Kwanza chagua kipande cha katikati ya turubai, kisiwe pale lilipokuwa linakunjwa au kufungwa kamba. Likunje mara mbili kwa nguvu, kisha likunjue utazame ule msitari wa mkunjo. Ukiona ufa mweupe, plastiki imeshakufa kwa jua, tafuta kwingine. Lenye uhai linakunjika bila alama.

Vipimo: kwa kompyuta ya inchi 15.6 mwambie upana sentimita 40, urefu wa kwenda juu 30, kina 12. Mfuniko ushuke mbele angalau sentimita 20, na uzidi pembeni kidogo. Turubai halipitishi maji, lakini matundu ya sindano yanapitisha, kwa hiyo mfuniko ndio utakaokulinda mvua. Juu ya mdomo weka na zipu namba 8, kwa ajili ya wezi.

Mfuko wa kompyuta ushonwe uelee. Nikisema uelee, namaanisha chini yake uishie sentimita mbili au tatu kabla ya kitako cha begi. Ukilitua begi kwenye sakafu ya daladala kitako kinagonga, kompyuta haigongi. Hii kitu hata mabegi ya laki moja hayana, na ndiyo inayoua kompyuta nyingi. Sponji ya unene wa kidole inatosha.

Mkanda usiishie kwenye kona ya juu. Upitishe ubavuni, uende chini ya kitako, uje ubavu wa pili, uwe kama kamba iliyokumbatia mzigo. Hapo kitako kimekaa juu ya mkanda, na mshono unazuia tu usihame. Begi la namna hiyo hata uzi ukiachia, halidondoki.

Sindano ya cherehani iwe namba 18, na asikimbize. Kwenye mikunjo minne ya turubai azungushe gurudumu kwa mkono. Pembe za chini azishone kwa msharasi.

Mkanda wa siti ni poliesta nzuri ila una kasoro: ni laini mno, kwenye kile kipande cha kurefusha unateleza, begi linashuka lenyewe. Aweke kirefushio cha chuma chenye meno, au apige mafundo mawili ya uzi mnene kwenye urefu unaoutaka.

#13 Mpiga_Chapa

Naongezea: watu wasichanganye turubai la lori na yale mabango ya matangazo ya barabarani. Nimefanya kazi ya kuchapa mabango. Ni mepesi, yametengenezwa kukaa juu miezi michache yamenyooka, kukunjwa siyo kazi yake. Mabegi yake yanapendeza picha, mwaka mmoja mikunjo yote ina nyufa.

#14 Asali_Tabora

Mimi nina begi la turubai la pamba, lile zito la kijani kama la hema, na nimelipaka nta ya nyuki mwenyewe. Nta huku kwetu haina shida kuipata. Unayeyusha nta na mafuta kidogo, unapaka kwa brashi, kisha unapitisha pasi ya moto juu ya karatasi mpaka inyonywe. Maji yanateremka kama kwenye jani la mgomba. Mwaka wa nne huu, kila mwanzo wa mvua narudia. Linashonwa na fundi yeyote, linakunjika, na likichanika linapokea kiraka vizuri kuliko plastiki.

#15 Nesi_wa_Kisauni

Mama Tabora au Baba Tabora, kwa joto la Tabora sawa. Nililijaribu hilo hapa. Mwezi wa pili, jua la saa nane, nta ikalainika ikahamia kwenye sare nyeupe. Haikutoka mpaka leo. Kwa mwenye shati jeupe na joto la pwani simshauri.

#16 Asali_Tabora

Ni Mama Tabora, mwanangu. Nimekuelewa, na ni kweli linahitaji hewa kavu. Abiria aendelee na turubai la lori.

#17 Mtoi_Nairobi

Swali kwa wote: mikanda ile ya nyuzi za plastiki iliyoko kwenye mabegi mapya, mnaitambuaje nzuri na mbaya? Zote zinaonekana sawa dukani.

#18 Fundi_Majengo

Kata kipande cha mwisho kinachoning'inia, nusu kidole, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye sabuni kidogo, ukikamue hewa kikiwa ndani. Kikielea ni polipropilini, rahisi, jua linakila mpaka kinapukutika. Kikizama ni nailoni au poliesta. Dukani hutakubaliwa kukata, basi kishike: polipropilini ni nyepesi, ngumu, kingo zinakwaruza shingo. Nzuri ni nzito kidogo na inalala mkononi.

Tazama na pete ya chuma inayoshika mkanda. Kama mahali ilipokutania kuna mwanya, mkanda utatokea hapo siku moja. Iwe imechomelewa.

#19 Abiria_wa_Mbagala

MREJESHO

Wakuu, ni miezi mitano tangu nianzishe uzi huu. Nilisema nitarudi, nimerudi, na nimesubiri kwa makusudi mpaka masika yakolee ndipo niandike.

Begi nilishonewa na yule mzee wa sokoni. Kipande cha turubai nilinunua kwa jirani 8,000, tulikagua mikunjo, vipande viwili tulivikataa. Mkanda wa siti niliutoa gereji kwa 5,000, ulikuwa na vumbi jeusi, niliulaza kwenye ndoo ya Foma usiku mzima. Zipu, pete mbili za kuchomelewa na kirefushio, 6,500. Ufundi 30,000, kazi ya siku tatu. Jumla 49,500. Rangi ni buluu iliyopauka, na upande wa mfuniko kuna nusu ya herufi nyeupe ya kampuni iliyokuwa na lori. Mzee alitaka kuificha, nikamwomba aiache.

Wiki ya kwanza lilikuwa linanuka dizeli na vumbi. Nililisugua kwa maji ya limau na sabuni mara tatu, likaisha. Mkanda wa siti uliteleza kama Fundi alivyosema, kwa sababu kirefushio tulichopata kilikuwa laini. Ilibidi mzee apige mafundo kwa uzi mnene, sasa umetulia. Bega lilikuwa linauma kwa kuwa mkanda hauna mto, nikakata kipande cha sponji na kitambaa cha jinzi kuukuu, tukakivisha juu. Na ni gumu. Siku likiwa na vitu vichache halijikunji, linakaa kama sanduku, kwenye siti ya daladala mwenzako analihisi. Hilo nawaambia ili anayetaka kushonewa ajue.

Wiki iliyopita mvua ilinikuta kati ya kituo na nyumbani, ile ya kushuka kama ndoo, dakika kama ishirini nzima. Nimefika, mke wangu akafungua begi kabla sijavua viatu. Maji yalikuwa yamepita kwenye mshono wa kona moja ya chini, kama kijiko kimoja. Kompyuta imekaa juu yake kwenye ule mfuko unaoelea, kavu. Zile sentimita tatu za juu ya kitako zimelipa gharama yote.

Dada Nesi, usiku naliweka upande wa ukuta. Mke wangu naye nimemwambia.

#20 Kibo_Msafi

Hongera sana mkuu. Ile kona inayovuja unaifanyaje?

#21 Fundi_Majengo

Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa vidole viwili. Ukwaruze kwa msasa, na turubai likwaruze pia lakini kwa ndani. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri dakika kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike na kugonga kwa nyundo. Usiguse mpaka kesho yake.

#22 Abiria_wa_Mbagala

Mpira ninao, ni wa baiskeli ya mwanangu. Nitaanza Jumamosi asubuhi.